Upepo wa Karungu Si Upepo wa Ggaba

Kila Jumatano Aoko na mumewe Odero huvuka ziwa kutoka Ggaba hadi kisiwa cha Koome kununua samaki wakavu. Aoko huwauza sokoni Kabalagala. Odero huendesha mashua, na simu humwonyesha njia.

Jumatano moja alasiri, wakiwa njiani kurudi, simu ililowa ikazimika. Mvua ilikuwa imepita, lakini ukungu ulificha nchi kavu pande zote.

Aoko alikaza jaketi lake la kuelea. "Petroli ni ya kufika tu. Tukipotea, tutaelea hadi kesho. Fikiri kabla ya kugeuza, Baba Vera."

"Mimi nimezaliwa Karungu, ng'ambo ya ziwa hili!" Odero alijigamba. "Upepo wa mchana hutoka magharibi. Nikiuweka kwenye shavu la kushoto, naelekea kaskazini. Ggaba hiyo!"

Akaanza kugeuza.

"Banange, jamani! Ssebo, acha!" Aliyepiga kelele ni Nabangala, jirani yao, aliyekuwa akirudi nao, amekaa juu ya magunia ya samaki. Alikuwa amechuuza samaki visiwani miaka ishirini. "Huko Karungu ziwa liko upande gani?"

"Magharibi."

"Na hapa Ggaba?"

"Kusini," Aoko akamjibia mumewe.

"Basi. Upepo haukusoma jiografia. Mchana hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Tangu tutoke Koome unatupiga wapi?"

Aoko alishika shingo yake. "Kisogoni. Ncha za kitambaa changu cha kichwa zimenichapa mashavu safari nzima."

"Uache hapo hapo kisogoni. Na mawimbi yatusukume kutoka nyuma. Ila upepo ukigeuka ghafla, au ukija na dhoruba, usiuamini."

Odero alinyoosha mashua. Aoko akawa mlinzi wa upepo. "Sasa uko shavuni! Rudisha! Kidogo tu, si ngoma hii!"

Baada ya nusu saa, ukungu ulipasuka. Mbele yao, kileleni mwa kilima cha Muyenga kilicho juu ya Ggaba, yalionekana matangi ya maji.

"Karungu hiyo," alisema Nabangala. Walicheka hadi mashua ikayumba.

Siku hizi mashua ina dira, na simu hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Hata hivyo, wakati wa kurudi, injini haiwashwi kabla Aoko hajauliza.

"Baba Vera, upepo?"

"Kisogoni, mama."

"Na ukihama?"

"Nauliza kwanza."