Wageni Arobaini wa Massiel

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kumaliza sahani yake ya wali na maharage, Massiel alichukua daftari na kutoka kwenda kuwahoji majirani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo alipewa na mama yake, Bi Nurys.

"Waulize watu arobaini," mama alimwambia. "Swali ni moja tu: mara ya mwisho ulipokwenda kwenye mkutano au sherehe, ni kitu gani kilikusumbua? Andika jina, jibu na namba ya simu. Na usimjibie mtu."

Bi Nurys aliwafundisha waandaaji wa mikutano, wale watu wanaotafuta kumbi, kupanga viti na kuagiza chakula cha wageni. Kila mwaka waandaaji hao hukutana kwenye kongamano lao kubwa pale Santo Domingo, na kwa miaka mitatu Bi Nurys aliomba nafasi ya kuendesha warsha asipate. Mwaka huu walimpa saa moja na nusu. Wakiipenda warsha yake, wangemwita tena. Wasipoipenda, ndiyo basi.

Hakutaka kuwahutubia watu mpaka wasinzie. Kila meza ingepewa ramani ya ukumbi na kadi arobaini. Mbele ya kila kadi pangekuwa na jina la mgeni, na nyuma yake shida yake. Washiriki wangeshindana kuwakalisha wote pasipo mtu kulalamika.

"Tena si wageni wa kubuni," alisema Bi Nurys akikata kadi kwa mkasi. "Ni watu wa kweli wa mtaa wetu wa Villa Juana. Hapo ndipo nitakapowashika!"

Siku nne za kwanza Massiel alifanya kazi vizuri, akapata watu kumi na mmoja. Siku ya tano akapita kwenye kona ambapo wenzake walikuwa wakicheza vitilla, mchezo wa kupiga kifuniko cha galoni la maji kwa mpini wa ufagio.

"We Massiel!" akaita Yeuri, mtoto wa jirani. "Unafanya sensa ya serikali? Njoo hapa, tumepungukiwa na mtu mmoja. Au unaogopa tutakufunga?"

"Mimi? Mnifunge mimi?" Massiel akaweka daftari chini.

Kesho nitahoji watatu kwa mpigo, alijiambia. Kesho ikazaa kesho nyingine, na daftari likabaki na wale wale kumi na mmoja. Siku mbili kabla ya kongamano, alijifungia chumbani, akajilaza kitandani na kuwatunga wageni ishirini na tisa. Huyu hali nyama. Yule ana kiti cha magurudumu. Huyu hapendi baridi ya kiyoyozi. Mawazo yalipomwishia akaandika mtu asiyetaka kukaa mbele, wala nyuma, wala katikati. Namba za simu nazo akazitunga.

"Nimemaliza, mama."

Bi Nurys alimkumbatia kwa nguvu. "Ahsante, mwanangu. Umenibeba." Maneno hayo yalimchoma Massiel.

Siku ya warsha, waandaaji themanini walikaa kwenye meza nane. Massiel alisimama mbele karibu na mama yake, amevaa gauni alilovaa kwenye ubatizo wa binamu yake, daftari mkononi.

"Wageni hawa arobaini ni majirani zangu," Bi Nurys alisema kwenye kipaza sauti. "Mkimaliza kuwakalisha, mtachagua mmoja wao. Tutampigia simu hapa hapa, kwa sauti ya wazi, atuambie kama mmemtendea haki. Binti yangu ndiye mwenye namba."

Massiel alilifunga daftari haraka. Hilo la simu hakuambiwa. Mama alilificha ili limshangaze kila mtu.

Kwa dakika ishirini ukumbi ulivuma kwa mabishano. Watu walisogeza kadi huku na huku, wakacheka, wakanyang'anyana viti kwenye ramani. Bi Nurys alipita meza hadi meza akitabasamu, nusu ya furaha na nusu ya wasiwasi. Massiel alikuwa akiomba moyoni: Wachague mmoja wa wale kumi na mmoja. Mmoja tu.

Mzee Ercilio, mwandaaji wa miaka mingi mwenye sharubu nyeupe, akasimama na kadi. "Mimi namtaka huyu Bwana Radhamés, asiyetaka mbele, wala nyuma, wala katikati. Tumkalishe wapi, juu ya paa?"

Ukumbi ukacheka. Massiel alichukua simu ya mama, akabonyeza hovyo, akaiweka sikioni.

"Hapatikani," alisema.

"Basi huyu asiyekula nyama," alisema mama mmoja wa meza ya pili.

"Naye... hapatikani."

"Lo!" akasema Mzee Ercilio. "Mtaa mzima umekatikiwa umeme?"

Watu wakacheka tena, lakini Bi Nurys hakucheka. Alimwendea binti yake, akainama. "Massiel, nitazame."

Massiel alimtazama, na machozi yakamtoka. Angeweza kusema mtandao ni mbovu. Lakini alijua uongo huo ungezaa mwingine, na wa mwisho ungeangukia kichwani kwa mama. "Hawapo, mama," alisema, na ukumbi mzima ukasikia. "Niliwauliza kumi na mmoja tu. Wengine nimewatunga. Nilikwenda kucheza. Mama hakujua, jamani. Ni mimi."

Bi Nurys alifumba macho. Miaka mitatu ya kuomba ilikuwa ikimponyoka mbele ya watu themanini. Alipofumbua macho, alishika kipaza sauti.

"Mmesikia. Niliwaahidi watu arobaini wa kweli, na ninao kumi na mmoja. Nawaomba radhi. Nilipaswa kuhakiki, sikuhakiki." Akavuta pumzi. "Sasa naomba mnifanyie kazi nyingine. Nyinyi mnasema mnawajua wageni. Nitafutieni hao kumi na mmoja."

Kwanza walitazamana. Kisha Mzee Ercilio akavuta kadi zake. "Haya, hii naitaka!"

Vurugu iliyozuka ilizidi ya mwanzo. Baada ya robo saa hakuna meza iliyowapata hata sita. Karibu wote walimpa kura ya ukweli mtu wa kubuni asiyependa baridi ya kiyoyozi, na wote waliitupa kadi ya Bi Tatica, iliyosema: *Naona aibu kuinuka.*

"Huyo kweli katungwa," alisema Mzee Ercilio. "Aibu gani ya kuinuka?"

Massiel akafuta machozi, akapiga namba. Safari hii simu iliita.

"Haloo, nani?" sauti ya kikongwe ikajaa ukumbini. "Aa, Massiel! Umekula? Swali lile? Kumbe ni hivi, mwanangu. Viti vyenyewe vya chuma, sakafu ya vigae. Ukiinuka kiti kinapiga yowe, kwiii! Watu mia mbili wanakugeukia. Mimi nilibanwa na haja ndogo, nikajikaza saa tatu nzima mpaka nikalia. Tangu siku hiyo siendi mikutanoni."

Watu walianza kucheka, kisha wakaacha. Mzee Ercilio alikaa taratibu.

"Miaka thelathini napanga viti," alisema. "Sijawahi kumuuliza anayevikalia."

Wote wakaandika. Mwisho wa warsha, mkuu wa kongamano alimwendea Bi Nurys. "Novemba tuna mkutano kule Santiago. Njoo, lakini uje na arobaini kamili."

Walipokuwa wakikusanya kadi, Massiel alijaribu kutabasamu. "Mama, si imekuwa nzuri kuliko tulivyopanga?"

Bi Nurys aliweka kadi mezani. "Sikiliza vizuri. Usidhani uongo wako umetusaidia. Kilichotusaidia ni ukweli wako, nao ulichelewa sana."

Kuanzia kesho yake Massiel alirudi milangoni kwa watu, jua likiwaka, siku baada ya siku, mpaka akafikisha watu wa kweli ishirini na tisa waliokuwa wamebaki. Usiku hakulala vizuri akiwaza mama atasema nini. Bi Nurys alilipokea daftari, akakaa na simu, akawapigia wote mmoja mmoja.

"Bado huniamini, mama?" Massiel aliuliza kwa sauti ndogo mama alipokata simu ya mwisho.

Bi Nurys alimvuta karibu. "Nakupenda leo kama jana, hilo hukulipoteza hata siku moja. Ulichopoteza ni imani yangu. Na imani, mwanangu, hairudi kwa kulia wala kwa kuomba msamaha. Inarudi kwa kazi kama hii." Akamkabidhi daftari. "Wote ishirini na tisa wamesema uliwauliza, tena ukawasikiliza. Novemba, wewe ndiye utakayewatambulisha wageni wote arobaini."