Mguu Mmoja Uliovimba

Mtaani kwetu Tamale, kaskazini mwa Ghana, hakuna aliyejua kupika mafuta ya kokwa za mti wa shea kama Azara. Mtoto akizaliwa, mzee akiteguka, walikandwa kwa mafuta yake. Aliyemfundisha kuyapika ni mke mwenzake, Sanatu. Wanawake hawa walipendana mno, hata mume wao Fuseini akawa analalamika kwamba yeye ndiye mgeni humo ndani.

Sanatu alikuwa na saratani ya kizazi. Ilikuwa imeenea mwilini, na wote walijua haitapona. Alitaka jambo moja tu: kumpakata mjukuu wake wa kwanza siku ya kupewa jina, Ijumaa.

Jumatano asubuhi Azara aliukuta mguu wa kushoto wa Sanatu umevimba. Wa kulia ulikuwa kama kawaida.

"Dada, mguu huu umekula chakula cha mwenzake?"

"Usinichekeshe, unauma. Tena una moto."

"Tulia. Nikukande kwa maji moto, nikusugue vizuri. Uvimbe utashuka."

Azara alichota mafuta. Papo hapo akaingia Wumpini, muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani.

"Mama Azara, usisugue!"

"We mtoto! Mafuta haya ndiyo niliyokukandia ulipozaliwa. Leo yamekuwa sumu?"

"Mafuta hayana ubaya, mama. Ubaya ni kuusugua mguu huu." Wumpini aliitazama miguu yote miwili. "Nahofia damu imeganda ndani ya mshipa. Saratani ikienea, mwili wote huwa kama uko vitani, na damu huganda upesi. Kulala muda mrefu huzidisha. Ukisugua, donge linaweza kung'oka, likapanda hadi kwenye mapafu. Hapo pumzi hukatika."

Azara aliitazama mikono yake iliyojaa mafuta. Akaanza kulia.

"Ningemuua dada yangu?"

"Hujaniua," alisema Sanatu. "Nyamaza, unitafutie nguo ya kwendea hospitali."

Fuseini aliita bajaji. Hospitali walipiga picha ya mishipa, na kweli, donge lilikuwepo. Sanatu alianzishiwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda. Alhamisi jioni waliruhusiwa kurudi nyumbani, na Wumpini akaja kuwaelekeza.

"Sindano ni kila siku, chini ya ngozi ya tumbo. Akikosa pumzi ghafla, kifua kikimbana, au akitoka damu, hata choo kikiwa cheusi, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali mara moja. Na msimpe mitishamba bila kuniuliza."

"Na mimi nimekatazwa kumkanda," alisema Azara kwa unyonge. "Mikono yangu ina kazi gani tena?"

"Ndiyo itakayomchoma sindano. Njoo nikufundishe."

"Haya!" alisema Fuseini. "Tamale nzima, ni mke wangu tu mwenye ruhusa ya daktari kumchoma mke mwenzake."

Sanatu alicheka mpaka akashika tumbo.

Ijumaa alikaa kitini, mguu umeinuliwa juu ya mto, mtoto mapajani. Imamu alimnong'oneza mtoto jina lake. Watu wakala, wakaimba. Saratani ilikuwa palepale, lakini Sanatu alikuwa anapumua vizuri, na uso wake ulijaa furaha.

Azara alinyoosha mikono. "Dada, umechoka. Nipe na mimi nimpakate."

"Ngoja," alisema Sanatu. "Wewe utampakata miaka mingi. Leo niachie mimi."