Jina Tupu, Slashi Mbili

Feni ya kompyuta ilikuwa inapuliza harufu ya tope la ziwa na dagaa wabichi, na ofisi yenyewe ya wakimbizi iko mtaa wa Kasingirima, si ufukweni, na madirisha yamefungwa. Feliksi akasonya.

"Kompyuta za msaada hizi," akasema. "Zimekuja na mboga yake."

Jeuri huyo! Shule aliiacha kidato cha pili, programu akajifundisha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na faili la wakimbizi wa Burundi lilipowashinda wenye digrii, akaitwa yeye. Msimsifu sana, kichwa kitatoboa dari.

Faili lilikuwa la XML, lugha ya kupangia data: tagi, yaani lebo, ndani ya tagi, kama sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Ndani ya kaya kuna mama, ndani ya mama kuna mtoto. Ukimtafuta mtoto, unaandika njia nzima: kaya, mama, mtoto. Ila Feliksi alikuwa mvivu wa njia. Yeye alipiga slashi mbili, vile vistari vya mshazari, akaweka jina, basi. Maana yake: popote ulipo, njoo.

Kwenye benchi alikaa Astérie, aliyepotezana na mwanawe Arakaza, wa miaka minne, watu walipokanyagana kuigombea meli ya kukimbia Burundi. Kesho yake asubuhi mabasi yangewapeleka kambini. Asiyempata mwanawe angepanda hivyo hivyo.

"Mama, tulia," Feliksi akamwambia. "Hapa umefika mwisho wa reli. Nisipompata mimi, hakuna wa kumpata."

Adhana ya magharibi ilikuwa ikimalizika upande wa Ujiji. Akaandika slashi mbili, mtoto, Arakaza. Akabonyeza.

Mmoja.

"Nilisema nini mimi?" Akacheka, akaiuliza mashine mzazi wake nani. Tupu. Akauliza tena. Tupu. Hapo kicheko kikakauka, kwa sababu tagi ya mtoto haikai hewani, lazima iwe ndani ya nyingine, na hii ilielea peke yake. Akafungua kilichomo. Neno moja tu: *Karame*.

"Karame," ikaitika sauti ya kitoto kutoka koridoni, vile watoto wa Kirundi wanavyoitika wakiitwa.

Astérie akasimama. "Mwana wanje! Mwanangu!"

Mzee Ismaili, mlinzi, Mmanyema wa Ujiji, akaingia mbio akafunga mlango kwa mgongo.

"Umemwita nani, we mwehu?" akanong'ona.

"Mtoto wa huyu mama, Mzee."

"Umemtaja na mama yake?"

"Nimeweka jina tu, slashi mbili..."

"Slashi za baba yako! Huku ziwani jina tupu haliitwi magharibi. Jina tupu ni la yeyote anayelitaka!"

Feliksi akaandika njia nzima, kaya, mama Astérie, mtoto Arakaza, huku nyuma ya mlango nyayo za maji zikija chwa, chwa, na harufu ya tope ikipanda mpaka ikamkaa kooni, na mashine ikifikiri kama mtu anayeogopa kusema, mpaka jibu likatoka: sifuri.

"Si wako, mama," akasema. "Wako hayumo humu."

"Umemwita mwenyewe, sasa unamkana?" Astérie akamjia juu.

"Mwite wewe," Ismaili akamwambia. "Mtaje kwa jina lako. Akiwa wako ataitika."

Astérie akaugeukia mlango. "Arakaza wa Astérie!"

Nyayo zikakoma. Harufu ikapungua. Koridoni hakikusikika kitu tena.

"Kimeondoka," Feliksi akapumua, na jeuri ikaanza kumrudia. "Si umeona, Mzee? Mashine yangu haikosei."

"Na wangu je?" Astérie akauliza.

Akaitazama ile sifuri kwenye kioo. Akautazama mlango. Kisha akainama kidogo, kama anayesema na mtu mfupi, akaliita jina la mwanawe polepole, bila kuongeza lake mwenyewe.

"Arakaza."

"Mama, usi...!" Feliksi akapaza sauti.

"Karame," ikaitika, safari hii chini ya meza, palepale magotini pa Feliksi.

Astérie akanyoosha mkono, vidole vikajikunja juu ya kitu ambacho Feliksi na Ismaili hawakukiona. Uso wake ukalainika. Akamwondoa Ismaili mlangoni, akatoka anatembea hatua fupi fupi, bega moja limeinama, kama mama anayemwongoza mtoto.

Feliksi alitazama sakafu. Pembeni ya alipopita Astérie zilibaki nyayo mbichi, zenye tope. Kila moja ilikuwa pana kuliko sinia la ubwabwa.