Dorkas na Maji ya Ndiva

Kila siku baada ya shule, Dorkas alipanda kwenye ndiva, bwawa la udongo ambalo wazee wa kijiji cha Suji, huko milimani, walilichimba juu ya mashamba yao. Maji ya mfereji yalijaa humo, kisha kila familia ilifunguliwa maji kwa zamu. Ilikuwa mwaka wa 1938. Baba yake alikuwa Tanga akikata mkonge, na mama alikuwa na mtoto mchanga. Zamu ya Jumamosi ilikuwa mikononi mwa Dorkas.

Ijumaa hiyo mahindi yao yalikuwa yamenyauka. Dorkas aliutazama mchirizi wa kumwagia maji ya ziada. Yalikuwa yanapotea bure! Akauziba kwa udongo ili ndiva ijae zaidi kwa zamu yao ya kesho.

"Mzee Omari akikuona utakula fimbo," alisema rafiki yake Justa, mtungi kichwani.

"Msimamizi wa ndiva ni yeye, lakini hapandi huku na lile goti lake," alijibu Dorkas.

Justa alicheka. Kisha akatazama mawingu meusi yaliyofunika vilele. "Nyumba yetu iko hapo chini," akasema, akaondoka.

Mvua ilinyesha kule juu tu, lakini mfereji ulianza kuvuma. Maji yakapanda. Vyura wakanyamaza. Chini ya ukuta, palipokuwa pakavu, maji yalianza kutoka kidogo kidogo. Yalikuwa ya kahawia. Dorkas alipokanyaga ukuta, udongo ulibonyea.

Angeweza kwenda nyumbani, na hakuna ambaye angejua. Lakini huko chini moshi ulifuka jikoni kwa kina Justa, na bibi yake Justa hakuweza kutembea.

Alikimbia hadi kwa msimamizi.

"Shikamoo babu! Nimeziba mchirizi. Ukuta unavuja."

"Marahaba. Maji yana rangi gani?"

"Kahawia."

Mzee Omari aliinuka na kuisahau fimbo yake. "Ukuta unaliwa kwa ndani! Waambie vijana wamtoe bibi yake Justa. Piga kelele, mtoto!"

Vijana walimbeba bibi. Wengine walizibua mchirizi na kufungua ndiva, maji yote yakaenda korongoni. Ukuta ulitikisika, ukafanya ufa, lakini ulisimama.

Kesho yake, maji ya zamu ya Dorkas yalilowesha matuta manne tu. Aliketi kando ya matuta pamoja na Mzee Omari, miguu ikiwa na tope.

"Babu, nilidhani nitalia kwa kupata maji machache hivi. Si furaha ya kucheka, lakini moyo umetulia tu."

"Hiyo huitwa kinaa," alisema Mzee Omari. "Ujanani nilibeba mizigo hadi Pangani, nikalisikia neno hilo kwa watu wa pwani. Wao walilipata kwa Waarabu. Ni kuona ulichonacho kinatosha, moyo ukaacha kudai zaidi."

"Jana sikuwa nayo."

"Jana ulitaka maji mengi kuliko ukuta wetu unavyoweza kubeba. Mwenye kinaa hachukui zaidi ya fungu lake. Ila ulipokosea ulisema mapema, ndiyo maana bibi anaota jua leo." Akamwonyesha jembe. "Haya, twende tukauzibe ule ufa."

Dorkas akalichukua.