Ukuta wa Bilasi Wageuka Jivu

Kila alfajiri Putli alianza siku kwa kuzamisha mikono yote miwili ndani ya ndoo. Alichanganya udongo mwekundu na samadi mbichi ya ng'ombe, akausiriba ua wa nyumba yao kwa mizunguko mipana mpaka ukang'aa kama chungu kipya. Akimaliza huoga, hula wali wa jana uliolowekwa maji, kwa chumvi na kitunguu, kisha hukimbilia shule.

Lakini wiki hiyo shule ilikuwa imefungwa, na nyumbani hapakuwa na nafasi hata ya kutua ndoo. Dada yake Bilasi alikuwa anaolewa. Shangazi watatu walikwisha kufika na mafurushi yao, watoto wao na maneno yao. Aliyeongoza kwa maneno ni Shangazi Bundiya. Yeye alijua nani kagombana na nani katika vijiji saba, kisa kilikuwa nini, na nani alianza.

"Mama mkwe wa Bilasi nasikia ana macho ya mwewe," alisema huku akimenya vitunguu saumu. "Kwenye harusi ya mpwa wake aliingia chumba cha bi harusi, akautazama ukuta, akauliza, 'Hawa wenyeji walikuwa wanapaka au wanasinzia?' Mbele za watu!"

"Ukuta wangu hatapata la kuusema," alijibu mama yake Putli, ambaye kijiji kizima cha Jorbaha kilimwita Mama Bilasi.

Ukuta wa chumba cha harusi hupakwa kwanza udongo mweusi. Ukikauka, hupakwa mweupe juu yake. Kabla mweupe haujakauka, wanawake huukwangua upesi kwa vipande vya vitana vilivyovunjika, na weusi wa chini huchungulia na kuwa tausi, tembo, samaki na maua. Udongo mweupe ulipatikana karibu. Ule mweusi ulikuwa kwenye korongo la kijito cha Chirra, mwendo wa saa moja na nusu, nao huchimbwa kwa kutambaa kifudifudi ndani ya shimo.

"Putli," Mama Bilasi aliita. "Mimi siwezi kuwaacha wageni. Nenda na Saro. Vikapu viwili, ule udongo wa ndani kabisa, unaonata vidoleni. Leo wewe ndiwe mkono wangu."

Putli alijiona amerefuka ghafla. Alimpitia Saro, rafiki yake wa nyumba ya pili, aliyekaa naye dawati moja tangu wang'oke meno ya utotoni. Wakaondoka na majembe.

Njia panda waliisikia ngoma. Ilikuwa siku ya gulio.

"Shoga, jua hili litatukaanga," Saro alisema, akitua kikapu. "Pale kuna mzee anauza unga wa rangi. Mweusi ti! Tuuchanganye na tope la bwawani, mchezo kwisha."

"Mama atajua."

"Mama yako ana mawifi watatu wa kulisha na mbuzi wawili wa kuchinjwa. Atajua saa ngapi?"

"Na ukisema?"

"Mimi?" Saro alibana ngozi ya koo lake kwa vidole viwili, kama watoto wa kule wanavyoapa. "Nikisema, nife hapa hapa!"

Basi wakapanda bembea mara mbili, wakala maandazi ya mchele na dengu yakiwa ya moto, wakanunua unga. Walirudi na vikapu vizito vya tope jeusi, wakijitia kuhema. Mama Bilasi hakukagua kitu. Angekagua nini, naye alikuwa ametuma mkono wake mwenyewe? Aliupaka jioni ile ile, na Shangazi Bundiya akausifu. "Mweusi kama nywele zangu nikiwa msichana!"

Kesho yake asubuhi ukuta ulikuwa umekauka. Wanawake wanne wakasimama na vitambaa vya udongo mweupe, wakaanza kupaka huku wakiimba. Wimbo haukufika mbali. Kila walipopitisha kitambaa, weusi uliinuka na kujichanganya na weupe. Shangazi Bundiya akawahi kitana chake, akakwangua tausi. Akatokea kijivu juu ya kijivu, kama kunguru aliyenyeshewa. Ukuta mzima ulikuwa umegeuka jivu la jikoni.

Bilasi, aliyekwisha kupakwa manjano ya bi harusi, alisimama mlangoni na kuziba mdomo.

Shangazi Bundiya akauchota kidogo, akausugua, akaunusa. "Huu haunati. Huu una harufu ya duka."

Mama Bilasi akageuka taratibu. "Putli. Mlichimba wapi?"

Putli alimtazama Saro, aliyeshika beseni la udongo mweupe. Alitazama tu, kama mtu anayenyoosha mkono gizani kumtafuta mwenzake. Saro akatua beseni chini.

"Mimi nilimwambia twende Chirra," Saro alisema. "Akakataa. Akasema miguu inamuuma. Nilimsihi, Mama Bilasi, naapa!" Akabana koo lake, pale pale alipolibana jana.

Putli alihisi kama amevuliwa nguo mbele za watu. "Mwongo! Wewe ndiye uliye..."

"Ndiyo desturi," shangazi mmoja alidakia. "Mtoto akishikwa, humtaja mwenzake."

"Na mwenzake alimsihi, maskini!" mwingine akaongeza.

Putli akakimbia mpaka nyuma ya rundo la majani makavu ya ng'ombe. Kikulacho ki nguoni mwako! Alikumbuka siku Saro alipovunja saa ya ukutani ya darasani, naye Putli akakubali kufagia shule wiki nzima kwa niaba yake. Alikumbuka nusu ya kila embe, nusu ya kila siri. Yote Saro ameyatupa, tena bila hata kupepesa macho.

Baadaye Bilasi alimfuata, akaketi kando yake na mikono yake ya manjano.

"Saro amenisaliti," Putli alisema, akamsimulia yote, unga wa rangi na bembea.

"Najua. Saro amsihi mtu atembee juani? Hata Shangazi Bundiya, akitulia, haliamini hilo."

"Kumbe unaniamini!"

"Naamini amekusaliti." Bilasi aliitazama mikono yake. "Na wewe ulipokuwa kwenye bembea, ulinifikiria? Mimi naondoka, Putli. Ukuta ule ndio kitu cha mwisho ambacho nyumba yetu ilikuwa inanifanyia."

Sauti yake ilikatika. Tangu asubuhi Putli alikuwa anahesabu makosa ya Saro, moja moja. La kwake hakuwa amelihesabu.

Akainuka, akaingia ndani, akasimama katikati ya chumba kilichojaa. "Wazo lilikuwa la Saro," alisema. "Lakini mimi nilikubali. Nilipokea kiapo chake, tukamdanganya mama yangu. Nilikula, nikabembea, nikaleta tope. Naomba nichimbe mwingine."

Halafu Shangazi Bundiya akakohoa. "Basi tuseme ukweli. Muuza bangili amepita hapa sasa hivi. Anasema aliwaona wawili kwenye bembea, na yule wa nyumba ya pili ndiye aliyekuwa anacheka zaidi."

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya harusi. Mchana kutwa walikwangua jivu ukutani na kuusiriba upya kwa udongo mwekundu. Kesho yake alfajiri, wote wakatoka na majembe, shangazi kwa watoto, mbio mbio na vicheko. Putli alitambaa ndani ya shimo la Chirra akatoka na magoti yaliyochubuka. Udongo ulikuwa baridi, ukinata vidoleni kama ulezi uliopikwa. Alibeba kikapu, akarudi, akabeba kingine.

Safari ya pili alimkuta Saro kwenye ukingo wa korongo, mama yake amesimama nyuma yake, mkono kiunoni.

"Putli, niliogopa," Saro alisema, macho chini.

Putli alimsikia. Hakusema kwamba yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha. "Chimba upande ule," alisema.

Ukuta ulikauka kwa wakati. Safari hii mweupe ulikaa juu ya mweusi kama malai juu ya maziwa, na vitana vikaimba. Putli aliachiwa tausi mmoja, karibu na dirisha.

Msafara wa bwana harusi ulipowasili, mama mkwe alikwenda moja kwa moja chumbani. Alipitisha kiganja ukutani, akakitazama. Kilikuwa safi. Kila mtu alishusha pumzi.

"Tausi huyu shingo imepinda," alisema.

"Ni wa binti yangu mdogo," Mama Bilasi akajibu. "Shingo imepinda, lakini udongo wake ni wa Chirra. Amechimba mwenyewe."

Mama mkwe akatabasamu. "Mabinti wa nyumba hii wanajua kazi. Nimeridhika."

Baada ya karamu, Putli na mama yake walibaki wakikusanya sahani za majani uani.

"Mama, nitamwaminije tena Saro?"

Mama Bilasi alizitua sahani alizoshika. "Saro alikuvunjia kiapo, na hilo ni kosa kubwa. Lakini kitazame kiapo chenyewe, mwanangu. Kilikuwa cha kunificha mimi. Mtu anayeshirikiana nawe kumdanganya mwingine, usishangae zamu yako ikifika. Na kazi uliyoaminiwa, ifanye kama vile aliyekutuma amesimama kando yako."

"Nimeelewa. Lakini Saro?"

"Kwa Saro, ngoja uone atakavyokuwa. Kama mimi ninavyongoja nikuone wewe."

Putli alikusanya sahani zote mpaka ya mwisho, hata zile zilizosukumwa chini ya mikeka, ambako hakuna mtu ambaye angeziona.