Mizani ya Sista

Jioni ile Sista alitoka zamu miguu imemvimba, lakini hakwenda nyumbani. Alikata kona nyuma ya gereji, sare bado mwilini, mizani ndogo ya kutembelea mashuleni ikimgongagonga ubavuni ndani ya mkoba. Alikuwa akitafuta mlango wa bati ambao vijana wa mtaa waliuingia wembamba na kutoka wamefura.

Humo ndani alikuwamo mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Mtaa mzima ulimwita Njiti, na njiti alikuwa kweli, kilo hamsini na nane, mpaka miezi miwili iliyopita. Sasa hakuna shati linalomwingia. Siku tatu alikuwa hajaonekana nyumbani, tangu Sista alipozikuta sindano chini ya godoro lake na kumuuliza.

"Mwili ni wangu, Shangazi. Usinipangie!"

Akabamiza mlango mpaka bawaba ikang'oka. Sista alisubiri kusikia hatua zake kwenye kokoto za uani.

Hazikulia.

Sista alilia, wala sikufichi, kisha akakasirika. Miaka ishirini na mbili ya uuguzi, amewaambia watoto wa watu habari za sindano hizo mpaka sauti ikamkauka, halafu wa kwake ndiye asimsikie? Sasa, mbele ya mlango ule, alipiga moyo konde, akasukuma bati.

Harufu ndiyo iliyompokea. Vijana zaidi ya kumi wanabeba vyuma kwenye chumba kisicho na dirisha, lakini hakukuwa na harufu ya jasho hata kidogo. Ilikuwa ya bandeji iliyosahauliwa juu ya kidonda. Sista aliifahamu vizuri.

Karibu na kioo alisimama mtu mfupi, mkavu, miguu peku, mikono kama ya mgonjwa wa muda mrefu. Alipogeuka, saruji chini yake ililia... krrr. Sakafu yote pale alipozoea kusimama ilikuwa imejaa nyufa.

"Mimi ndiye Kocha," alisema. "Umemfuata nani, mama?"

"Nimekuja kuzungumza na hawa watoto."

"Zungumza." Akatabasamu. "Masikio wanayo."

Hakuna aliyeweka chuma chini. Sista akaongea hivyo hivyo, kwa sauti ya wodini. "Hizo dawa mnazodungana zinaharibu ini. Moyo nao unatanuka, ila wenyewe hauna kioo cha kujitazamia. Chunusi mgongoni, hasira zisizo na chanzo, na korodani zinasinyaa."

Kicheko kikalipuka. Mmoja akasogea, kifua kama kabati la nguo. "Korodani zetu zimekuhusu nini, mama?"

"Nusu yenu mmezaliwa mikononi mwangu. Nilizijua kabla yenu."

Kicheko kikakatika ghafla. Chuma cha kilo ishirini kikatua hatua moja kutoka miguuni pake. Macho yote yakamgeukia, makavu, hayana hata aibu. Sista aliogopa. Aliogopa sana. Lakini Njiti alikuwa pale kwenye kona, mkononi ameshika bomba la sindano lililokwisha kujazwa, na mwanamke huyo hakuwa tayari kurudi peke yake.

"Umekuja kuniaibisha," Njiti alisema kwa chuki.

Sista alikuwa na kawaida moja iliyowachosha wagonjwa wake: hata uje na jino, utapimwa uzito kwanza. Akatoa mizani, akaiweka sakafuni.

"Panda. Kama kweli umeongezeka, naondoka, na sitakuuliza tena."

"Hapa hatupimani," Kocha alisema haraka mno.

Njiti akapanda kwa dharau, kifua mbele.

Arobaini na moja.

"Bovu hilo!" mmoja akapiga kelele. Sista akapanda mwenyewe. Sabini na moja, kama asubuhi kazini. Yule Kabati akamsukuma, akapanda yeye, mtu wa kujaza mlango.

Thelathini na nne.

Vyuma vikawekwa chini, kimoja... kimoja... Mwanga wa jioni uliopenya mlangoni ulikuwa unaisha, na katika ukimya ule Sista akagundua kwamba hajasikia hatua ya hata mmoja wao tangu aingie. Aliyesikika akitembea alikuwa mmoja tu.

"Kocha," Njiti akanong'ona. "Panda na wewe."

Kocha akarudi nyuma. Kisigino chake kikagusa ukingo wa mizani. Kisigino tu.

Mshale ukazunguka... ukagonga mwisho wa namba... kioo chake kikapasuka.

Sista hakungoja maelezo. Alinyakua mizani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamkamata Njiti, akamburuta nje. Na mtoto yule mkubwa alikuja bila uzito wowote, kama anavuta shati. Nyuma ya gereji akampokonya bomba la sindano. Kwa haraka akafanya jambo ambalo amewagombeza wanafunzi wake wa uuguzi wasilifanye miaka yote hiyo: akajaribu kuirudishia sindano kifuniko chake.

Ikamchoma kidole. Tone moja la damu.

"Karibu sana, Sista," Kocha alisema mlangoni. Hakuwafukuza. Hakuwa hata na haraka.

Njiti aliacha. Niamini, aliacha. Alikunywa uji, alilia, aliomba radhi, na kila siku alinywea mpaka mbavu zikahesabika, lakini mshale wa ile mizani yenye ufa ukawa unapanda kidogo kidogo. Arobaini na tatu. Arobaini na sita. Sista alimshukuru Mungu kwa sauti. Mtoto wake alikuwa amerudi.

Na yeye mwenyewe alijisikia vizuri ajabu. Miguu haivimbi. Mgongo uliomtesa miaka, kimya. Mikono ya sare ikaanza kumbana, akacheka, akasema ni kula vizuri.

Jioni ya siku ya tisa Njiti alimkuta jikoni akihamisha mtungi wa gesi, mpya, umejaa. Kwa mkono mmoja. Tena anaimba.

Kijana akaenda kuleta mizani, akaiweka sakafuni mbele yake.

"Shangazi..." alinong'ona. "Hebu panda."

Sista akaitazama. Kitu cha moto kikampanda kifuani, hakujua kimetoka wapi. Aliona tu kwamba mtoto huyu, aliyemlisha, aliyemwogesha, anathubutu kumchunguza.

"Mwili ni wangu," alisema. Sauti haikuwa yake. "Usinipangie!"

Akabamiza mlango, akatoka. Alikuwa ameelekea upande wa gereji.

Njiti alibaki amesimama jikoni, akitega sikio kwenye kokoto za uani.

Hazikulia.