Aliyepita Mbele ya Kioo

Ile runinga ilikuwa na joto. Si joto la kuunguza. Ni lile la kiti alichotoka kukikalia mtu sasa hivi. Na plagi haikuwepo. Waya ulining'inia kisogoni kama mkia wa panya aliyekufa, umekatwa, nyuzi za shaba zimechungulia nje, na yule muuza vyombo chakavu alikuwa amesema mbele ya mashahidi: "Hii ni pambo, bwana. Weka kitambaa juu, weka maua. Ndani haina uhai."

Haina uhai! Wauzaji wote ni waongo, lakini huyu alivuka mpaka.

Aliyeibeba hadi nyumbani alikuwa fundi masofa ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Zamani, na kwa jina hilo hakuonewa hata kidogo. Ukila naye mkate, mkate wa zamani ulikuwa mtamu zaidi. Mvua ikinyesha, ya zamani ilikuwa inalowesha vizuri. Alikuwa akipigilia misumari kwenye kochi la mteja huku akikusimulia adabu ya watoto wa zamani, mpaka ukatamani kuomba msamaha kwa kosa la kuzaliwa juzi.

Tuseme haki, chombo chenyewe kilikuwa chombo. Kabati zima la mbao nyekundu, vanishi imekolea mpaka unayaona meno yako. Miguu minne iliyochongwa, milango miwili ya kufunika kioo, kitambaa cha spika chenye nyuzi za dhahabu, na kitasa cha kuzungusha ambacho kila stesheni kinalia ta! Zetu za leo tunazitundika ukutani kama kalenda. Ile ilikaa sebuleni kama mkwe aliyekuja kudai heshima yake.

"Ndiyo yenyewe," Bwana Zamani alisema, macho yamelowa. "Baba alikuwa nayo hivi hivi. Tulikuwa tunakaa chini wote, kimya, familia moja. Siku hizi kila mtu na simu yake."

"Umeniletea jeneza sebuleni," mkewe alisema.

Binti yao akalizunguka. Kasuku, ndivyo alivyoitwa, maana mtoto yule alikuwa akizungumza hata anapopiga mswaki. "Baba, mbona ina milango? Inaogopa mwizi? Inalala? Kisogo kikubwa hivi, ina akili nyingi?"

Baba yake akacheka. Shikeni kicheko hicho, kwa sababu hakikurudi upesi.

Sasa kulikuwa na kosa ambalo mtu mwingine asingelifanya. Nyumbani alikokulia Bwana Zamani kulikuwa na sheria: msoma taarifa ya habari kwenye runinga akitoa salamu, watoto wote wasimame waitikie, kama wanavyomwitikia mgeni mlangoni. Baba yao aliamini aliye ndani ya kioo anawaona. Mtoto asiyeitika alikiona cha mtema kuni. Wewe na mimi tukisalimiwa na kabati tunatoka mbio. Yeye alikuwa ameshafundishwa.

Adhuhuri, jua la kupasua utosi nje, ndani mapazia yamefungwa, alikuwa akipangusa kioo kwa kitambaa, mara sauti ikatoka kwenye spika. Sauti safi, ya mtu aliyevaa tai.

"Hodi hodi, wenyewe?"

Bwana Zamani akasimama wima, mikono ubavuni, hata ule usionyooka vizuri. "Karibu! Karibu ndani, karibu sana!"

"Unamkaribisha nani?" mkewe aliuliza toka jikoni.

Ndio kwanza alikuwa anajiuliza mwenyewe. Mbao zikalia kwa ndani, ngwii, kama magoti ya mzee anayenyanyuka baada ya kukaa sana, kisha harufu ikapita usoni pake ikaingia vyumbani bila kuvua viatu: tumbaku, mafuta ya nywele, na vumbi linaloungua.

Kuanzia siku hiyo kioo kikawaka. Waya ule ule uliokatwa, plagi ile ile isiyokuwepo, na kioo kinawaka! Hakikuonyesha kitu isipokuwa chenga, chenga za kijivu zinazochemka kama maji ya ugali, na fundi masofa, mtu mwenye karakana iliyojaa viti laini, akakaa chini sakafuni mbele yake. Karakana ikafungwa. Wateja wakagonga lango wakachoka. Mtu ambaye alikuwa akiongea mpaka na gundi yake sasa alibaki na maneno mafupi: Lete. Funga. Kaa. Usipite hapo.

Ningekuwa mimi, ningeshaliendea kabati lile na shoka. Lakini mkewe alisubiri, kama wake wengi wanavyosubiri, akisema labda ni uchovu.

Halafu Kasuku akatoka shuleni na habari zake. Aliingia akikimbia, begi mgongoni, anasimulia tangu getini: mwalimu kakaa kwenye chaki, suruali yote nyeupe, na hakujua, na tukacheka, na akauliza mnacheka nini...

"Nyamaza!"

Sauti haikuwa ya baba yake. Ilikuwa nzito zaidi, na ilitoka kwa baba yake na kwenye spika kwa wakati mmoja. Kasuku akanyamaza. La, hakunyamaza: mdomo uliendelea. Midomo ilikwenda, ulimi ulikwenda, mikono ikaonyesha jinsi mwalimu alivyogeuka, na hakuna kilichosikika. Kwenye kabati, katikati ya chenga, kitu kidogo kikalia kama ndege aliyefungiwa kwenye kopo.

Daktari alimmulika koo, akamgeuza huku na huku. "Koo zima kabisa," alisema. "Labda amenuna."

Amenuna! Watu wamesoma miaka yote hiyo waje waseme amenuna.

Ndipo mke akamwita wifi yake. Shangazi wa Kasuku alikuwa fundi cherehani, dada mkubwa wa Bwana Zamani, mwanamke aliyetembea na pini midomoni na bado akaweza kukutukana. Alipofika mlangoni, pini zikadondoka.

"Hiyo harufu," alinong'ona. "Wifi, hiyo harufu imetoka wapi?"

"Shh, wifi, atasikia."

"Nani atasikia? Ndugu yangu?"

"Si ndugu yako." Mke akamvuta jikoni, akafunga mlango, akafungua bomba maji yapige kelele. "Kuna mtu mwingine. Nikipika, anasimama nyuma yangu. Nikigeuka, namkuta Baba Kasuku sebuleni vile vile, hajainuka. Na mtoto... mtoto ananiita, wifi. Naona midomo inasema mama. Nampigia makofi aseme tena, anasema tena, sisikii. Mtoto wangu sisikii!"

Shangazi hakulia. Alifunga bomba. "Hiyo ni harufu ya baba yetu. Yule mzee nilimtupia udongo kaburini kwa mkono huu," alisema, "na sikuutupa kwa huzuni. Sasa anarudi kukaa kwa watu?"

Akaenda kumleta Bi Haraka, mganga aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kumaliza kikombe cha chai nyumbani kwa mtu. Bi Haraka hakuvuka hata zulia la mlangoni. Alinusa, akatema.

"Si baba yenu. Baba yenu kafa, alipo ndipo alipo, hiyo si kazi yangu. Huyu ni jini. Jini la namna hii halina sura, huvaa kile unachokililia. Mwingine hulilia mchumba, huyu wenu kalilia kiboko."

"Basi mfukuze, Bibi!" mama Kasuku alisema.

"Nimfukuze mimi, kwani nilimkaribisha mimi? Mgeni hafukuzwi na jirani. Aliyesema karibu ndiye aseme toka. Aseme amesimama, na asiyumbe."

"Asiposema?"

Bi Haraka akamtazama Kasuku, aliyekuwa amekaa sakafuni kando ya baba yake, mikono juu ya magoti, midomo ikienda, ikienda. "Sauti yake imeshaingia mle kabatini. Atafuata mwenyewe. Humu utabakiwa na kitu kinachoosha vyombo na kuitikia kwa kichwa. Leo, mwanangu. Msingoje kesho."

Basi wakaingia sebuleni, wanawake watatu. Nje watu wanacheka, pikipiki zinapita, mchana mweupe. Ndani giza la mapazia na mwanga wa chenga unaotambaa ukutani.

"Mdogo wangu," shangazi alinong'ona. "Simama. Mwambie atoke."

Bwana Zamani aligeuka polepole. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso kubadilika. Akasimama. Akafungua mdomo. "T..."

"Kaa," spika ikasema.

Akakaa! Mwanamume mwenye ndevu na misuli ya nyundo, akakaa mara moja kama mtoto wa chekechea. Hapo hasira ya shangazi, iliyokuwa imekunjwa kama kitambaa kabatini tangu utotoni, ikafunguka yote.

"Umekaa? Unaambiwa kaa nawe unakaa? Zamani, zamani, umetuchosha na zamani yako! Ipi? Ile tuliyokuwa kimya kwa raha? Tulikuwa kimya kwa woga, mjinga wewe! Huo mkono wako usionyooka, unaowaambia watu ulianguka mtini, mti gani? Nyumba yetu ilikuwa na mti? Ulipita mbele ya kioo! Ulikuwa mdogo kuliko Kasuku, ulipita mbele ya kioo taarifa inasomwa, akaushika akaukunja kama mbao ya kuwashia jiko, na mama akakufunga kitambaa bila kusema neno, na taarifa ikaendelea!"

"Dada, usiseme," alinong'ona. "Anasikia."

"Asikie!"

Milango ya kabati ikafunguka mpaka mwisho, ikagonga mbavu za kabati, na chenga zikaanza kutulia, zikajipanga, zikawa chumba, sebule nyingine yenye mapazia mengine yaliyofungwa, na humo walikaa watoto, safu nyuma ya safu, wa nyumba hii na nyumba ile na nyumba zote ambamo kitu hicho kilishawahi kukaribishwa, mikono juu ya magoti, na midomo yao yote ilikuwa inakwenda, inakwenda bila sauti kama ya samaki, na mbele yao palikuwa na nafasi moja tupu, ndogo, ya kumtosha mtoto anayependa kuongea.

"Kasuku," ile sauti ya mvaa tai ikasema kwa upole. "Sogea mbele, mwanangu. Utaona vizuri zaidi."

Kasuku akainuka. Mama yake akamdaka kiunoni, na mtoto yule mwembamba alikuwa mzito kama mfuko wa saruji, akamburuta mama yake juu ya zulia, magoti yakichubuka, shangazi akashika mguu naye akaburutwa, Bi Haraka kwa mara ya kwanza maishani akawa hana haraka, amesimama tu anaomba kwa midomo mikavu, na kidole cha Kasuku kikagusa kioo, na kioo kikalainika kama utando wa maziwa, kikameza ukucha, kisha kidole, kisha kifundo cha mkono.

Bwana Zamani akainuka. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayejua pigo linatokea upande gani, akaja mbele ya runinga, akamchomoa binti yake kwenye kioo, akamsukumia kwa mama yake, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tena tangu mkono ule ulipokunjwa. Alipita mbele ya kioo. Akafika ukutani, akageuka, akapita tena. Kisha akasimama katikati, mgongo umezuia picha yote.

"Nimepita," alisema. Hakuyumba. "Umeona? Nimepita. Njoo."

"Kaa!"

"Sikai."

"Kaa chini!"

"Nyumba ni yangu. Nilikukaribisha, nilikosea. Toka."

Kitu kikamshika mkono wa pili, ule usio na kasoro. Hakuna aliyekiona, lakini wote waliiona nyama ikididimia pale vidole vinapobana. Mkono ukapindwa nyuma taratibu, kwa ufundi, kwa mazoea, na mfupa ukalia mlio ambao mkewe anausikia mpaka leo akivunja kuni. Bwana Zamani alipiga ukelele. Na katika ukelele huo huo, bila kuvuta pumzi, akasema, "Toka! Sikukumbuki kwa wema! Hukuwa mwema! Toka kwangu, toka kwa mwanangu, toka!"

Mapazia yakanyanyuka mpaka dari. Mlango wa mbele ukafunguka, ukabamiza ukuta, na ile harufu ya tumbaku ikapita katikati yao, kubwa, yenye hasira, ikatoka juani. Kioo kikapasuka. Bi Haraka akachungulia kwa tochi: nyaya, vumbi, mende mkavu. Basi.

Kila mtu alimtazama Kasuku. Mtoto alijishika koo. Akakohoa, na kikohozi kikasikika.

"Mwanangu," baba yake alisema, amepiga magoti, jasho linamchuruzika. "Sema kitu. Chochote."

Akasema. Alimsogelea mpaka pua kwa pua, ngumi zimekunjwa, na akafoka mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Nilikuwa nakuita! Nilikuwa nakuita kila siku, baba, ulikuwa unanitazama hivi, unaniona, nakuita, na hukuja! Nilikuwa naogopa! Ulikuwa hapa hapa! Wewe ndiye uliyesema ninyamaze, wewe!"

"Basi, mama, yameisha," mama yake akasema, akinyoosha mkono kumtuliza. "Basi, nyama..."

Bwana Zamani akamkatiza kwa kichwa, maana mikono ilikuwa haifai.

"Mwache," alisema. "Mwache amalize."